Kaunta ya tailizi inasumbua? Tafuta chanzo kabla hujapaka grauti nyingine

Grauti, ile saruji laini ya kujazia mistari kati ya tailizi, ikifunguka kwenye kaunta, wengi wanachofanya ni kwenda dukani kuchukua kipakti kingine, wanakwangua juujuu, wanapaka, inakaa vizuri kidogo afu mstari uleule unafunguka tena palepale. Kama imekutokea hivyo basi jua grauti haina kosa. Kuna kitu chini kinacheza, au kuna maji yanapita, na usipokijua utakuwa unanunua grauti kila msimu. Hapa naongelea kaunta zetu hizi za Moshi na Arusha, nyingi ni slabu ya zege imekalia kuta za tofali, nyingine ni kabati la mbao lenye plaiwudi juu, na mtu kaamua kuweka tailizi mwenyewe, jambo zuri kabisa na linawezekana, ila likileta shida inabidi ujue kuisoma hiyo shida.

Kuna vitu vitatu nakuomba ufanye kabla hujanunua chochote. Chukua sarafu, ile ya mia mbili inafaa, gonga kila tailizi katikati na kwenye kona zake nne, na inayolia tofauti iwekee alama ya penseli. Halafu angalia ufa umekaaje, umefuata grauti tu, umepasua tailizi moja, au umevuka tailizi kadhaa kwa mstari mmoja. Mwisho fungua kabati la chini ya sinki, ingiza mkono upapase zege au mbao kwa chini, hasa pale mabomba yanapotokea. Ukikuta unyevu hapo acha mengine yote, anza na maji.

Tailizi inalia tupu

Hii ndo kubwa kuliko zote na ndo inazaa nyingi zinazofuata. Tailizi iliyoshika inatoa sauti nzito na fupi, yenye hewa chini inatoa mlio mwembamba, utausikia tu hata kama hujawahi kufanya kazi ya ufundi.

Chanzo cha kwanza ni ule mtindo wa madonge, donge moja kila kona na moja katikati, afu tailizi inakandamizwa. Unasaidia kupata levo haraka ndo maana unapendwa, lakini kati ya donge na donge panabaki uwazi, na kwenye kaunta uwazi huo ni mahali pa maji kukaa na mahali pa tailizi kuvunjikia siku sufuria kubwa la shughuli likitua kwa kishindo. Kanuni ya kazi hizi ni kwamba gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo wa tailizi sehemu kavu, na asilimia 95 sehemu zenye maji, na kaunta yenye sinki mi naihesabu ni sehemu ya maji, sina mjadala na hilo.

Kuna kaunta moja ya mtaa wa Pasua, Moshi, ambayo tailizi ya pembeni mwa sinki ilitoka nzima kwa kusukumwa na bisibisi tu. Mgongoni safi kabisa, hata chembe ya saruji hamna, na yale madonge matano yamebaki kwenye slabu, juu yake yamechapwa vimiraba vya mgongo wa tailizi vizuri utadhani muhuri. Mama mwenye nyumba akauliza, "Sasa mwanangu, mbona zililowekwa kwenye ndoo usiku kucha?" Swali zuri sana, na jibu lake watu wengi hawalijui. Kuloweka kunasaidia tailizi za seramiki za kawaida ambazo zinanyonya maji, kwa sababu isipolowekwa inaifyonza saruji maji yake kabla haijashika. Poseleni ni kitu kingine, inanyonya asilimia 0.5 au chini ya hapo, yaani karibu hainyonyi, kwahiyo uiloweke usiku mmoja au wiki ni yaleyale, na saruji tupu iliyokorogwa na maji haina pa kujishikiza. Poseleni inataka gundi ya tailizi ya mfuko, tena ile iliyoandikwa kwamba ni ya poseleni. Hujui uliyonayo ni ipi? Geuza kipande, mwaga tone la maji mgongoni, likipotea ndani ya dakika chache ni seramiki, likibaki limekaa pale ni poseleni.

Ukiing'oa tailizi inayolia tupu usiitupe haraka, angalia imeachana na nini, manake hapo ndo jibu lilipo. Gundi ikibaki yote kwenye slabu na mgongo wa tailizi uko safi, basi ni kama hiyo ya Pasua, au gundi ilikuwa imeshaota ngozi juu kabla tailizi haijawekwa. Gundi ikitoka yote na tailizi, na slabu imebaki tupu na vumbi, slabu ndo haikusafishwa, au ilikuwa na rangi, au mafuta ya kupikia yameingia miaka mingi. Na kama gundi imekatika katikati, nusu huku nusu kule, inamong'onyoka ukiisugua na kidole, basi ilikorogwa na maji mengi au mchanga ulikuwa na udongo.

Hiyo ya gundi kuota ngozi inatupata sana Moshi miezi ya Januari na Februari, dirisha la jikoni liko wazi, upepo mkavu unapita, na mtu kapaka gundi mita nzima ili amalize haraka. Gundi nyingi zimeandikwa dakika 20 hivi, lakini kwenye joto na upepo inapungua. Paka eneo la tailizi mbili tatu tu, na kabla ya kuweka gusa kwa kidole, isiposhika kwenye kidole ikwangue yote utupe, usijaribu kuilainisha na maji. Tumia mwiko wa meno, meno ya mm 6 kwa tailizi ndogo na mm 10 kwa kubwa, vuta mistari yote upande mmoja, afu tailizi ikitua isukume kidogo kukatisha hiyo mistari ili ilale na hewa itoke. Kubwa kama za 30 kwa 60 zipakwe na mgongoni pia. Inua ya kwanza uangalie, ikiwa imejaa endelea.

Arusha mwezi wa sita na wa saba ni kinyume chake. Baridi ile ya asubuhi inachelewesha kila kitu, kwahiyo usihesabu saa 24 kwa mazoea afu ukapiga grauti tailizi bado zinacheza. Ipe siku mbili.

Sasa je, lazima ung'oe? Kama ni moja, iko mbali na sinki, haijapasuka na grauti yake imekaa, iache. Kama ziko kadhaa zimefuatana, au zimezunguka sinki, ng'oa. Kutoboa grauti na kuingiza gundi ya maji chini nimeona watu wanafanya, kwenye kaunta siiamini, unaziba njia ya maji kutoka na tailizi bado haijakalia kitu.

Ufa umevuka tailizi kadhaa

Hapa slabu ndo imepasuka na tailizi imefuata tu. Ukibadilisha tailizi bila kushughulika na chini, utaziona mpya zinapasuka kwenye mstari uleule.

Angalia ufa umeanzia wapi. Ukianzia kwenye kona ya tundu la sinki, hapo ni kwa sababu kona kali siku zote ndo zinapasuka kwanza, na mara nyingi hazikuwekewa nondo za kukatiza kona. Ukiwa katikati ya kuta mbili zilizobeba, slabu ni nyembamba au imeachwa ndefu bila nguzo. Ukiwa juu ya ukuta, pale kaunta inapotokeza nje kwa ajili ya watu kukaa na stuli, karibu kila mara nondo zimelala upande wa chini. Sehemu inayoning'inia inavutika juu, kwahiyo nondo zake zinatakiwa ziwe juu, tofauti na sehemu iliyobebwa pande mbili ambako zinakaa chini. Wanaojua hili la nondo za chini ni wengi, la nondo za juu wachache, na kaunta za kukalia zimekuwa fasheni sasa hivi Njiro na Sakina huko Arusha, naomba mlizingatie.

Halafu kuna swala la haraka. Zege imemwagwa Jumamosi, Jumanne mtu anabandika tailizi. Zege inasinyaa inavyokauka, na inatakiwa kumwagiliwa maji angalau siku saba afu iachwe, siku 28 ndo kipimo kinachojulikana. Mchanga nao uangalie. Mchanga wetu unaoshuka na mito kutoka mlimani ni mweusi mzuri lakini unaweza kuja na vumbi na tope jingi hasa masika. Jaza nusu chupa ya maji ya plastiki na mchanga, ongeza maji, tikisa, iache itulie masaa kadhaa. Tope litakaa juu kama tabaka laini, likizidi kama sehemu moja kwa kumi ya mchanga, huo usiutumie au uoshe kwanza.

Kujua kama ufa bado unatembea, paka kipande kidogo cha jipsamu kukatisha ufa upande wa chini wa slabu, andika tarehe, subiri wiki kadhaa. Jipsamu ikipasuka, slabu bado inatembea na inahitaji kubebwa kutoka chini, ongeza ukuta wa tofali au nguzo, hata bomba la chuma la mraba linafaa. Isipopasuka unaweza kung'oa zilizoharibika, kufungua ufa, kuujaza, na kuweka tailizi mpya kwa gundi inayonyumbulika.

Ufa kwenye tailizi moja peke yake ni hadithi nyingine. Ukianzia kwenye pembe ya ndani ya mkato wa umbo la L, ilikatwa na grinda pembe ikaachwa kali. Toboa tundu dogo la mviringo kwenye hiyo pembe kwanza afu ndo ukate kulifuata. Nyufa nyembamba mno kama nywele kwenye mng'aro wa juu tu, mara nyingi ni tailizi za ukutani zimewekwa mezani afu zinatuliwa sufuria la moto au jiko la mkaa. Za ukutani ni nyembamba na laini, mezani weka za sakafuni. Na kinu kisitwangiwe juu ya kaunta, wala mifupa isikatiwe hapo na panga, weka gogo.

Grauti inabomoka, inapauka, inatoka unga

Kama tailizi zake zote zinalia vizuri, basi sasa ndo tunaweza kuilaumu grauti. Maji mengi wakati wa kukoroga, hiyo ni namba moja. Inatakiwa iwe nzito kiasi kwamba ukigeuza mwiko haidondoki. Ya pili ni sponji lililojaa maji, mtu anasafisha huku anaosha saruji yote ya juu inabaki mchanga. Kamua sponji mpaka lisidondoshe tone.

Ya tatu ni nafasi. Watu wanapenda tailizi zigusane ili mistari isionekane, lakini grauti inahitaji angalau mm 2 iingie ishuke mpaka chini, vinginevyo inapakwa juu tu na inatoka na kitambaa cha kwanza cha kufutia. Mpaka mm 3 tumia ile laini, zaidi ya hapo tumia yenye mchanga, ukitumia laini kwenye nafasi pana itasinyaa na kupasuka. Simenti nyeupe tupu ambayo bado inauzwa kama grauti, kwa ukuta wa chooni sawa, kwa kaunta ya jikoni hapana, inanyonya kila kitu na haina unyumbufu wowote.

Kurekebisha lazima ukwangue ya zamani ishuke angalau theluthi mbili ya unene wa tailizi. Kipande cha bledi ya msumeno wa chuma kilichofungwa kitambaa kinafanya kazi hiyo vizuri, taratibu, usiguse ukingo wa tailizi. Toa vumbi lote, lowesha kidogo, paka.

Mstari wa ukutani na wa sinki ndo unafunguka peke yake

Hapo hakutakiwi grauti kabisa. Kaunta na ukuta ni vitu viwili vinavyotembea tofauti, na grauti ni ngumu, itapasuka tu hata uweke ya bei gani. Weka silikoni, ile ya bafuni isiyoota ukungu. Lakini silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani, na hili ndo linawaangusha wengi, wanapaka juu ya ile ya mwanzo inabanduka kama ngozi. Kata yote na wembe, futa na spiriti, acha pakauke kabisa, usitumie sinki siku hiyo, weka utepe wa karatasi pande zote mbili, paka mstari mmoja bila kukata, laza na kidole chenye maji ya sabuni, toa utepe kabla haijakauka. Saa 24 bila maji. Wenye familia kubwa hapa mnaona ugumu, fanyeni usiku na maji yatekwe nje asubuhi.

Kaunta ya mbao

Kama chini ni MDF au chipibodi, yaani mbao za unga au vipande vya mbao vilivyogandishwa na gundi, na maji yameshaingia, imevimba, na ikivimba hairudi. Utaona tailizi zimenyanyuka kuzunguka sinki na grauti imefunguka pande zote. Hakuna dawa, ng'oa mpaka chini uweke upya. Plaiwudi ya mm 18 mbili zilizopigwa skrubu pamoja ni afadhali sana, ila kingo za tundu la sinki zipakwe kinga ya maji kabla sinki halijakaa, na juu yake uweke ubao wa saruji ukiupata, kama huupati tumia gundi iliyoandikwa wazi kwamba inashika kwenye mbao. Ukikanyagia mkono katikati ya kaunta ukaona inabonyea, ongeza mbao za kubebea chini kwanza.

Madoa na weusi

Jikoni kwetu adui mkubwa wa grauti ni utomvu wa ndizi. Unamenya ndizi za machalari au za mtori, utomvu unadondoka, haionekani kitu, kesho grauti ina mistari ya kahawia iliyoiva. Ukishakauka ukaingia haitoki kwa sabuni. Paka mkono na kisu mafuta, tandika gazeti, futa palepale. Manjano na mafuta ya nyanya yanafuata. Kama unaweka grauti upya na mfuko unaruhusu, nunua ya epoksi, ni ghali na inakauka haraka kwahiyo koroga kidogokidogo, lakini hainyonyi. Ya kawaida ipakwe sila, ile dawa ya kuzuia maji na madoa yasiingie, baada ya siku tatu au zaidi ikiwa imekauka kweli, kisha urudie kila maji yanapoanza kuingia badala ya kukaa juu.

Ndimu na siki zinakula saruji, usizitumie kama sabuni ya kila siku. Na tafadhali sana, usichanganye jiki na siki au na dawa yoyote ya kuondoa kutu ya choo, inatoka gesi ya klorini, jiko ni dogo dirisha limefungwa, mtu anaweza kudhurika vibaya.

Unga mweupe unaorudi kila ukiufuta sio uchafu, ni chumvi inayopandishwa na maji kutoka kwenye zege. Rudi chini ya sinki. Weka karatasi ya chooni kavu kuzunguka kila kiungo cha bomba, fungua maji, itakayolowa ndo yenyewe. Maji yakikoma, unga utaondoka kwa brashi kavu.

Meno na maji yanayosimama

Kingo za tailizi zisipolingana, moja ikajitokeza juu ya jirani kama jino, zikishakauka hamna namna ya kusaga bila kuharibu mng'aro. Kwa zinazofuata hakikisha slabu iko sawa, weka rula ya mita 2, uwazi chini yake usizidi mm 3, kama unazidi piga lipu kwanza usitegemee gundi kujaza. Tailizi ndefu huwa zimepinda kidogo katikati, ukizipanga nusu kwa nusu unakutanisha mgongo na kona, panga theluthi. Maji yakikimbilia ukutani badala ya kwenye sinki, kausha kila mara na ulinde ile silikoni ya ukutani, kwa sababu hapo marekebisho ya kweli ni kung'oa.

Ukingo wa mbele ukibanduka mara nyingi ni kwa sababu uligongwa na tumbo la sufuria na haukuwa na kinga. Kona ya nyuzi 45 inapendeza ila ni dhaifu. Ukanda wa alumini unaokaa chini ya tailizi, ndani ya gundi, unadumu zaidi, usiubandike juu baadaye na silikoni.

Kung'oa moja bila kuharibu jirani

Zima umeme kama kuna soketi karibu, vaa miwani na barakoa, vumbi la tailizi lina silika na linaharibu mapafu. Toa grauti pande zote nne mpaka chini kabisa, usiruke hatua hii, ndo inayolinda jirani. Toboa matundu kadhaa katikati, vunja hapo na nyundo na tindo ndogo, afu toa vipande kutoka katikati kwenda pembeni, kamwe usipenyeze tindo kutokea kwenye grauti. Kwangua gundi ya zamani mpaka tailizi mpya itue chini kidogo kuliko jirani ikiwa haina gundi, paka pande zote mbili, kandamiza, linganisha kwa kipande cha mbao kilichonyooka, weka spesa, vile vipande vya plastiki vya kuachia nafasi ya grauti. Grauti baada ya saa 24, Arusha kipindi cha baridi 48, na sinki liguswe na maji siku inayofuata baada ya hapo.